Mboni ya Bustani

Jumatatu, 4 Machi
Bustani ya mtaa sasa ni sanaa. Ndivyo asemavyo msanii aliyepanga matuta yetu kwa mviringo: ukitazama kutoka ghorofani, unaona jicho kubwa. Tuta la marehemu mama, nililorithi mimi, ndilo mboni. Katikati kabisa! Dada, mwenye tuta la pembeni kwenye ukope, lazima roho inamuuma. Wakaguzi wa manispaa watalitazama Jumamosi kutoka juu ya paa. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani, kaonya kwamba tuta lililotelekezwa atapewa mtu mwingine. Sijakanyaga pale tangu mazishi. Lakini mama alilipenda lile tuta kuliko alivyotupenda sisi. Halitoki mikononi mwangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda. Msitu! Majani ya kijani kizito, vitunda vyeusi, nyuki, vipepeo, na kinyonga mmoja aliyenitazama kwa dharau. Dada akaniambia nisiguse kitu mpaka msanii aje. Nimemwelewa. Anataka wakaguzi wakute pori, kisha alinyakue yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaitikia kwa adabu, nikaenda kutafuta jembe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeng'oa yote. Yako kwenye lundo la mboji. Mgongo hauna hamu. Nyuki wameniuma shingoni na sikioni, lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Shemeji, ambaye hupamba kumbi za harusi, kanipa maua meupe ya plastiki. Hayanywi maji, hayaliwi na wadudu. Tuta linang'aa. Dada akiona atazimia.

Jumamosi, 9 Machi
Paani. Wakaguzi wakainama kutazama chini. Kisha mmoja wao akauliza, kwa upole kabisa, jicho hili limepata lini mtoto wa jicho. Watu wakacheka hadi wakashikilia ukuta.
Msanii hakucheka. Alisema magugu yangu yalikuwa mboga, mnavu na mgagani wa mbegu za zamani, ambazo mama alizitunza tangu usichana wake na mtaani hazipatikani tena. Jicho zima lilichorwa kuzizunguka. Nilihisi nimemzika mama mara ya pili.
Mwenyekiti akatangaza kuwa tuta ni la Dada. Dada akakataa. Alisema mbele ya kadamnasi kwamba mimi ni mjinga, lakini ni mtoto wa mama yake. Kumbe aliiokota miche kwenye mboji, akaiweka ndooni. Tumeipanda pamoja, tukalia kidogo, tukagombana kidogo. Wakaguzi wanarudi Jumatano. Miche ikifa, tuta linakwenda kwa mgeni. Dada kaniachia kazi moja tu: kumwagilia asubuhi na jioni. Nisiongeze kitu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimemwagilia. Miche imelegea, imepauka. Dada anasema itainuka yenyewe, nivute subira. Subira huvuta heri, sikatai, ila sijasikia ikimvuta mkaguzi. Mboni inatakiwa iwe nyeusi. Hilo hata mtoto analijua. Jirani yetu fundi rangi kaniazima pampu yake ya kupulizia, na kopo zima la nyeusi ya mageti, isiyotoka hata kwa mvua. Kesho Dada anaingia kazini mapema. Mama, safari hii sikuangushi.