Habari za Kanyshai, Mhesabu-Kupe wa Suusamyr, na Vita Vyake na Jarida la Upesi

Nyamazeni, enyi watu wa chaki na darubini! Tueni bakuli zenu za chai, mnisikilize mimi Burul, mfundisha maradhi ya kwato katika kitivo cha mifugo hapa Bishkek, nipate kuwahadithia vita ambavyo havikumwaga damu ila ya farasi mmoja, na farasi mwenyewe hakuwa na hatia. Nawe ulimi wangu, usinitupe leo. Miaka yote umesema ukweli ukiwa jikoni. Sasa useme barazani.

Alikuwapo Kanyshai binti Sagyn, mzaliwa wa malisho ya Suusamyr, Mpekua-Masikio ya Kondoo, Mwenye Subira ya Punda. Huyo alitambaa kati ya kondoo kiangazi baada ya kiangazi, kibano mkononi, akihesabu kupe kabla ya kondoo kuogeshwa na baada ya kuogeshwa, hata akajua ni kipimo gani cha dawa kiuacho kupe na kumwacha kondoo salama. Hayo akayaandika makala. Na ilimpasa makala hiyo ikubaliwe na jarida lolote lile kabla baraza la vyeo halijaketi mwisho wa mwaka, la sivyo cheo cha mhadhiri wa kudumu kingempita, naye angebaki kibarua wa vipindi kama alivyokuwa tangu ujana wake.

Basi mbele yake palikuwa na malango mawili. La kwanza ni jarida kongwe la waganga wa mifugo, lenye wahakiki wasiojulikana majina wala huruma, ambao hukaa na makala ya mtu mpaka mvi zimtoke. La pili ni Jarida la Dunia la Maarifa Yote, lililozaliwa juzi, ambalo huchapa habari za meno, madaraja, mirathi na kondoo katika toleo moja, na kila asubuhi hututumia barua tusizoziomba, likituita maprofesa watukufu hata sisi tusio maprofesa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na hili lilikuwa limetembea mpaka soli zimeisha.

Na mkuu wa idara yetu alikuwa Esenbek, Simba wa Makala Mia, ambaye jina lake limo katika utafiti wa samaki, wa nyuki na wa mayai ya bata, na katika hizo zote hakuwahi kusoma hata moja. Huyo akamwita Kanyshai ofisini kwake, nami nikiwapo.

"Binti yangu," akasema, "hao wazee watakuchakaza bure. Mimi niliwapelekea makala mwanangu akiwa mchumba. Leo namlea mjukuu. Peleka kwa hawa wepesi. Halafu jina langu liweke mwanzo, linafungua njia."

"Sawa, agai," akajibu Kanyshai, kwa maana ndivyo tumwitavyo mwalimu, na mwalimu kwetu habishiwi.

Akaituma siku hiyohiyo, kwa pupa, pasi na kuisoma mara ya pili. Kesho yake, hata jua halijafika utosini, majibu yakaja: wahakiki wawili wameipima makala kwa kina, wameiona haina dosari, nayo itawafaa mno wafugaji.

Hapo Esenbek akaamuru farasi achinjwe. Idara nzima ikakusanyika, yakaja masinia ya beshbarmak, nyama imelala juu ya tambi, na boorsok, vijiandazi vyetu vya kukaanga, zikamwagwa mezani. Na kama ilivyo desturi, kila mtu alipaswa kuinuka na bilauri aseme maneno ya heri. Esenbek akasema mpaka mchuzi ukaganda. Akaisifu kasi ya karne yetu, akalisifu jarida, akajisifu. Makala ilikuwa imechapwa, ikapitishwa mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea akausifu uzito wa karatasi yake. Ilipomfikia Kanyshai akaitazama, nami nikaona uso wake umebadilika.

"Eje," akaninong'oneza, kwa maana ndivyo tumwitavyo dada mkubwa, "vichwa vya safu vimebadilishana. Nimekosea mimi."

Nikatazama jedwali. Kwa mujibu wake, ile dawa iliwaua kondoo karibu wote, na kupe wakabaki wazima wenye afya njema. Na hayo ndiyo wahakiki wawili waliyoyaona yatawafaa mno wafugaji! Nilicheka mpaka boorsok ikanikwama, kisha nikaona aibu kwa ajili yetu sote.

Zamu yake ikafika, akainuka na bilauri.

"Agai, na ninyi wakubwa zangu, makala hii haikusomwa na mtu. Inasema nimeua kondoo. Naiondoa."

"Kaa, mwanangu, kula," akasema Esenbek. "Nani husoma jedwali?"

"Watu wa kwetu, agai. Mlimani hamna la kusoma, wanasoma hata kibandiko cha chupa ya dawa. Wakilisoma hili, watapima kwalo."

"Na cheo?"

"Cheo kitanipita."

Hapo, enyi wasikilizaji, shujaa akauinua ule mkono uliowashinda kupe maelfu, akakitoa kidole gumba kama mtu achomoaye upanga alani, na mbele ya wakuu na masinia akaandika barua fupi kwenye simu yake na kuituma. Jarida likajibu papo hapo kwamba safu hizo liko tayari kuzigeuza upande wowote aupendao. Hakulijibu.

Cheo kilikwenda kwa mkwe wa Esenbek. Kanyshai akabaki na vipindi vyake, akalinyoosha jedwali, akaipeleka makala kwa wale wazee, na kimya kikatanda mpaka theluji ikayeyuka na kondoo wakapanda tena malishoni. Ndipo siku moja akaja chumbani kwangu anahema, na barua mkononi. Hawakukubali, hawakukataa. Mhakiki asiye na jina alikuwa amemrarua kuanzia aya ya kwanza: mwandishi hasemi kupe aliwahesabu asubuhi au mchana, nambari moja haijumuiki, masikio ya kushoto mbona hayatajwi? Arudi akahesabu upya.

"Eje, amesoma," akasema, na machozi yanamtoka. "Ameuliza mpaka masikio ya kushoto."

Akaenda kutafuta kibano. Nanyi waandishi wa nyakati, msiogope kuichora habari hii katika mawe: kwamba mwaka ule, katika kitivo chetu kinachozaa makala kila wiki, makala moja ilisomwa.