Nyimbo Mia Nne Mfukoni

Jumapili, 6 Julai
Kosa la wengi ni kununua kicheza muziki bila kuuliza kinasoma faili za aina gani. Mimi niliuliza! Idd, muuzaji wa mitumba pale sokoni Kibuye, alisema hiki kinasoma MP3 pekee. Nikaitikia kwa kichwa kama mtaalamu. Nikakinunua.

Jumamosi wakwe wa binti yetu Atieno wanaleta mahari. Shemeji yangu Absalom, kaka ya mke wangu Benta, hungoja kitu kimoja tu: muziki unyamaze. Hapo hushika maikrofoni, huanza pakruok, yale majigambo yetu ya karamuni, kisha husimulia nilivyotumbukia Mto Sondu na suti ya harusi. Harusi yangu mwenyewe! Dawa yake: nyimbo mia nne mfululizo.

Jumanne, 8 Julai
Waya umeingia kwenye kompyuta sawasawa. Nyimbo zote zimehamia. Kioo cha kifaa kinasema: nyimbo sifuri. Sifuri!

Nimegundua sababu. Nilipoziingiza kwenye kompyuta miaka ile, kutoka kanda zangu, nilizihifadhi kwa WMA. Kompyuta inazicheza bila taabu. Kifaa hakiijui kabisa aina hiyo.

Jumatano, 9 Julai
Kwa Safia, mwenye saibakafe Nyamasaria. Akasema, "Mwalimu, niachie, kuna programu ya kuzigeuza ziwe MP3, nusu saa tu." Nilikaribia kukubali. Nani ameketi pale kona? Absalom! Akauliza kama Mwalimu amekuja kuogelea. Nikasema nimekuja kuuliza saa. Nikaondoka na kompyuta kwapani.

Alhamisi, 10 Julai
Ufumbuzi! Mwisho wa kila jina la faili pana WMA. Nimefuta, nimeandika MP3. Mara mia nne. Vidole vimekufa ganzi. Benta akauliza kama kuku akiitwa bata ataogelea. Nilimweleza kwa upole kwamba kompyuta si kuku. Na neno kuogelea lisitajwe tena nyumbani humu.

Kioo sasa kinasema: nyimbo mia nne! Sikuzijaribu. Naitunza betri.

Jumamosi, 12 Julai
Wakwe wameshiba, wameketi. Nikaunganisha kifaa na spika. Nikabonyeza. Jina la wimbo wa kwanza likapita. La pili likapita. Yote mia nne yakapita kwenye kioo kama wanafunzi kwenye gwaride, bila sauti hata moja.

Katika ukimya ule nikasikia maikrofoni ikipulizwa. "Fuu, fuu. Mimi ndiye Absalom, shemeji wa mwogeleaji!"

Mzee Ouma, baba mkwe wa Atieno, alicheka hadi akavua miwani. Akaomba ile sehemu ya suti irudiwe.

Jumapili, 13 Julai
Mahari imepokelewa, Benta anaimba jikoni. Mwezi ujao ni zamu yetu kwenda kwao. Mzee Ouma amepiga simu: tusimsahau Absalom.

Safia ametuma ujumbe kwamba bado yuko tayari kuzigeuza. Maskini, hajui tatizo liko wapi! Mimi nimelichunguza kwa utulivu. Nyimbo mia nne zilikuwa nyingi mno, kifaa kikababaika.

La kufanya leo, kabla ya chai: futa mia tatu na sitini.