Nta ya Lumuma kwa Gari la Maharusi

Jumanne, 2 Septemba 2025

Gari limerudi! Samson, fundi rangi wa Kimamba, amelileta mwenyewe saa kumi jioni, akipiga honi tangu kona ya msikiti. Corolla yangu ile ile iliyokuwa na mabaka kama kuta za bafu, leo ni damu ya mzee tupu, kuanzia boneti hadi buti. Nimeizunguka mara sita. Mke wangu Rebeka ameizunguka mara moja, akasema imependeza, akarudi kusahihisha madaftari ya Darasa la Sita. Mwalimu ni mwalimu.

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Editha anaolewa. Editha ni binti wa dada yangu Costancia. Alipokuwa na miaka saba nilimbeba kwa baiskeli kutoka Kimamba mpaka Kilosa. Mnyororo ulikatika mara tatu na mtoto akalia njia nzima. Ili anyamaze nikamwambia kwamba siku ya harusi yake mjomba atampeleka kwa gari lake mwenyewe. Sikuwa na gari. Hata baiskeli ilikuwa ya kuazima! Lakini nilisema, na yeye hajasahau. Mwezi jana alinipigia simu kunikumbusha.

Sasa gari ninalo. Kikwazo ni Lupakisyo.

Lupakisyo ni jirani yangu, mweka hazina wa kamati ya harusi, mwenye Harrier nyeupe na meno meupe. Kamati itakagua magari yetu mawili Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, ichague lipi libebe maharusi kutoka kanisani Kilosa hadi ukumbini Mikumi, kwao bwana harusi.

Samson ameniasa kabla ya kuondoka. Rangi mpya bila kinga haifiki Mikumi salama, alisema. Jua, kokoto, vumbi. Chagua kinga mapema, bosi. Nimemwambia aniachie mimi. Katika mambo ya kuchagua mimi sina mpinzani.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefunga duka la vifaa vya shule nifanye utafiti. Matokeo haya hapa.

Waksi ya kopo: Samson anaipenda. Lakini lazima irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Mimi si mtu wa kurudiarudia.

Karatasi ya plastiki inayobandikwa gari zima: muuzaji wa Mikumi ameisifia kwa simu kwa nusu saa. Nikayakumbuka makochi ya mama mkwe, yaliyokaa ndani ya nailoni yake tangu yanunuliwe. Kila nikikaa nakwama mapaja. Hapana.

Seramiki: inapakwa Morogoro, na fundi mwenye glavu anayeongea kama daktari. Gari linalala kwake siku mbili. Inakauka inakuwa ngumu kama kioo, inadumu miaka. Nilikuwa karibu kabisa kuichagua.

Kisha jioni Lupakisyo akaniita kwenye uzio. Akachota jagi la maji, akamwaga juu ya boneti ya Harrier. Maji yakakimbia yote! Halikubaki tone. Rebeka akapiga makofi, mke wangu wa ndoa. Lupakisyo akaeleza kwamba ni seramiki, na kwamba yule fundi amemwekea nafasi ya pili Jumatano ijayo kwa gari la shemeji yake, ila shemeji amesafiri. Akasema niichukue mimi. Akasema tena kwamba atanisindikiza.

Nimeng'amua mtego papo hapo. Jumatano gari liende Morogoro, Ijumaa ukaguzi. Likichelewa? Nimemshukuru kwa tabasamu kavu. Rebeka kasema mtu yule ana roho nzuri. Maskini Rebeka, hamjui.

Jumamosi, 6 Septemba

Uvumbuzi!

Nilikwenda Lumuma kupeleka kadi za harusi kwa ndugu. Nilipanda basi ili gari lisipate vumbi. Nikafika kwa Mzee Samwel, mfuga nyuki, baba mdogo wa marehemu mama. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha kigoda. Kigoda gani! Kilikuwa kinang'aa nikajiona pua. Mjukuu akamwaga chai juu yake kwa bahati mbaya, na chai ikateleza yote chini, kikabaki kikavu.

Nikauliza siri. Nta ya nyuki, basi. Anakisugua kila mwaka. Miaka arobaini na kigoda hakijapasuka.

Miaka arobaini! Fundi wa Morogoro na glavu zake anaahidi mitano.

Nimerudi na ndoo ya nta. Mzee Samwel alinishika mkono kunisisitiza kwamba niichuje mara tatu asali yote itoke, halafu akauliza kigoda changu kinakaa ndani au nje. Nikasema kinakaa ndani. Gereji si ndani? Sina gereji, lakini nimepanga kujenga.

Jumatatu, 8 Septemba

Rebeka akiwa shuleni nimeyeyusha nta kwenye sufuria yake ya pilau. Nimetia mafuta ya alizeti ili ilainike na kikombe cha mafuta ya taa ili ipenye. Nimechuja mara moja. Ilikuwa inanukia vizuri mno, na ni wazi kwamba asali ndiyo inayoleta mng'ao.

Nimeipa jina: Ngao ya Lumuma.

Nimepaka kwa fulana yangu ya zamani, saa tano nzima, mabega hayanyanyuki. Lakini uzuri wake! Damu ya mzee imekuwa nzito, ina kina. Nimemwaga jagi la maji. Yakakimbia! Lupakisyo hakuwepo, kwa hiyo aliporudi kutoka kazini nikamwaga tena. Akapongeza. Akauliza ni seramiki ya nani. Nikasema ni ya familia.

Rebeka ameuliza sufuria yake ina nini. Nimesema kinga. Chakula cha jioni kimekuwa mkate.

Jumatano, 10 Septemba

Sisimizi kwenye boneti. Wachache. Hata wadudu wanajua kitu bora.

Paka wa Lupakisyo amelala juu ya gari mchana kutwa. Alipotaka kuondoka ilibidi ajivute. Manyoya yamebaki. Nimepaka mkono wa pili juu yake, sasa hayaonekani ukisimama mbali.

Ijumaa, 12 Septemba

USHINDI!

Kamati ilikutana uani kwa dada Costancia saa kumi na moja na nusu jioni, jua limepoa. Magari mawili bega kwa bega. Harrier ilikuwa safi, siwezi kukataa. Lakini yangu iliwaka! Akina mama waliitumia kama kioo kufungia vilemba. Mjumbe mmoja aligusa mlango, akanusa kidole, akasema gari linanukia kama mandazi. Hakuna gari lingine Kilosa lenye sifa hiyo.

Kura nne kwa tatu. Corolla ya mjomba itabeba maharusi, Harrier itafuata na wazazi. Editha alinikumbatia. Akasema baiskeli imekua.

Baadaye dada Costancia amenong'ona kwamba kura ya nne, ile ya kunipa ushindi, ilikuwa ya Lupakisyo mwenyewe. Nimeduwaa. Anataka nini huyu mtu?

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika Mikumi, kwenye kiti cha plastiki nje ya ukumbi. Lazima niandike sasa hivi.

Ibada ilianza saa nne. Mchungaji alihubiri kwa kirefu na gari lilikuwa juani. Walipotoka, watu waliwarushia maharusi maua ya karatasi. Mengine yaliwaangukia maharusi. Yote yaliyobaki yaliangukia gari, yakakaa hapo. Nickson, bwana harusi, aliegemea mlango kupiga picha. Alipoitwa upande wa pili, suti ikabaki nyuma kidogo. Tulimbandua watu wawili. Nilimweleza kwamba ni dalili ya kinga kufanya kazi.

Kisha safari. Kwenye kipande cha vumbi baada ya kijiji cha Ulaya lori lilitutangulia. Sijawahi kuona vumbi linalopenda gari kiasi kile. Halikupita, lilihamia. Tulipoingia Mikumi hakukuwa na damu ya mzee tena. Palikuwa na kichuguu chenye magurudumu manne, maua ya karatasi, vipepeo wawili na unyoya wa kanga. Nyuma yetu Harrier ilikuwa nyeupe pepepe. Mama mzaa chema wa upande wa pili aliuliza kwa heshima zote kama huko Kilosa tumeanza kukandika magari udongo.

Hapo moyo ulianza kuniuma. Siyo kwa ajili yangu. Nilimtazama Editha kwenye kioo cha ndani na nikaona nimemharibia siku.

MC aliomba maharusi wasubiri ndani ya gari mpaka matarumbeta yajipange. Yakaanza kulia. Na kutoka nyuma ya ukumbi wakaja nyani.

Watano. Hawakukimbia. Walikuja kwa mwendo wa watu walioalikwa. Mkubwa wao alinusa taa ya mbele, akailamba, akatazama wenzake. Wote wakapanda! Jike mmoja mwenye mtoto mgongoni alikaa katikati ya boneti, akabandua ua la karatasi, akalila, akarudi kulamba. Mwingine aliishughulikia waipa. Matarumbeta yakakata. MC, mtu asiyeishiwa maneno, akatangaza kwamba wageni kutoka hifadhini wamewasili na wapewe nafasi ya kuonja kwanza.

Nilipiga honi. Waliipenda.

Na nyuma yangu nikasikia sauti. Nikadhani Editha analia. Anacheka! Anacheka mpaka wanja umeteremka mashavuni, amemshika Nickson mkono, Nickson naye hoi. Kila simu ya Mikumi imeelekezwa kwetu. Editha akaniinamia sikioni akasema, “Mjomba, siku ile mnyororo ulikatika mara tatu. Leo umenifikisha bila kukatika kitu.”

Nililia. Naandika wazi kwa kuwa shajara ni yangu. Nililia mbele ya nyani watano.

Aliyetuokoa ni Lupakisyo, bila shaka. Alisogeza Harrier taratibu akipiga honi na kuwasha taa. Nyani mkubwa akairukia boneti ya seramiki, na hakupata pa kushika. Aliteleza kutoka juu hadi chini, akafikia makalio. Ukumbi mzima ulishangilia. Mnyama alisimama, akajikung'uta, akaondoka na ukoo wake kwa hasira. Maharusi wakashuka kwa vigelegele nisivyowahi kusikia maishani.

Wananiita ndani. Editha anataka kucheza na mjomba.

Jumapili, 14 Septemba

Kichwa kizito, miguu inauma, furaha bado ipo. Picha ya jike juu ya boneti imezunguka kila kundi la simu la ukoo. Dada Costancia anataka iwekwe kwenye fremu sebuleni.

Gari limekwaruzwa na kucha kutoka taa hadi kioo. Lupakisyo amekuja na mafuta ya taa na matambara, tumesugua pamoja mpaka saa tisa. Nikamuuliza kwa nini alinipigia kura. Akasema Editha alikuwa ameshamsimulia habari za baiskeli. Basi, hiyo tu.

Nikampa soda.

Jumatano, 17 Septemba

Corolla iko kwa Samson inapigwa rangi upya. Lupakisyo kapanda treni kwenda Dodoma kikazi mpaka Ijumaa, na ameniachia ufunguo wa Harrier nisije nikatembea kwa miguu. Rebeka amesema hapo sasa nimeona, na Corolla ikitoka iende moja kwa moja Morogoro kwa yule mwenye glavu. Nimekubali kwa kichwa. Nimetafakari sana wiki hii. Nimekuwa na choyo kwa jirani mwema, na mtu muungwana hulipa wema kwa wema.

Pia nimegundua kosa lilikuwa wapi. Nilichuja mara moja! Safari hii nimechuja mara mbili. Mzee Samwel alisema tatu, lakini wazee hutia chumvi.

Sufuria mpya ya Rebeka imeyeyusha vizuri zaidi. Boneti ya Harrier nimeshamaliza, sasa nahamia milango. Nyeupe imekuwa kama siagi, inanukia mandazi, na sisimizi wa kwanza wamefika. Lupakisyo atafurahi mno. Na nyani akimpandia tena, safari hii hatateleza.