Miaka ya Mama Mkwe

Jumatano, 4 Machi

Leo nimeshika madaraka! Miaka sita mfululizo familia hii inazunguka kisiwa fulani kila likizo, na miaka yote sita Mkuu wa Msafara amekuwa shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu. Mwaka jana akatulaza kwenye hoteli isiyo na maji. Kwenye chakula cha mchana cha mwisho tukapiga kura kama ilivyo desturi yetu, vikaratasi ndani ya kofia, akaanguka. Nikapita mimi. Fundi makochi!

Mkuu ndiye anayechagua hoteli, ndiye anayepiga simu, ndiye anayekaa mbele. Mke wangu anaendesha. Shemeji yuko nyuma na mama yake, kapakatishwa mapapai. Anasema amestarehe. Uso wake unasema mengine.

Jumapili tunapiga kura tena, na mimi sina mpango wa kutoka. Tuko wanne. Kura yangu ninayo. Ya shemeji, nisahau. Ya mke wangu hufuata alichokula siku hiyo. Zikifungana, aliyepo anabaki. Kwa hiyo ulaji wangu wote uko mkononi mwa Mama Mkwe.

Tuliposimama kujaza mafuta nikajitenga nyuma ya pampu, nikapiga simu hoteli ya kwanza. Nikasema tunakuja na mama yetu, leo anatimiza miaka sabini. Uongo mdogo, hauna madhara. Tarehe yake ya kuzaliwa haijui mtu. Miaka yake, ndiyo kabisa. Hospitalini hujaza fomu mwenyewe huku mkono mwingine umeziba karatasi. Hata shemeji na hesabu zake zote hajawahi kuthubutu kumuuliza.

Matokeo: vyumba vya chini, madirisha yanatazama bahari! Keki! Wahudumu wanne wakaimba na kupiga makofi. Mama Mkwe alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeimbiwa. Halafu akala vipande viwili na hakuuliza kitu. Makochi ya mapokezi sponji yake bado ngumu, mishono imenyooka. Nimeyakalia yote matatu.

Alhamisi, 5 Machi

Barabara inafuata ufukwe, nasi hatuna haraka. Mke wangu anasimama kila penye kibanda. Vikapu, simama. Mikeka, simama. Madafu, simama, kunywa, ongeza lingine. Shemeji ametangaza kwamba tumesimama mara kumi na moja ndani ya kilomita arobaini. Nimemjibu kwamba chini ya uongozi wangu watu hawapimwi kwa saa. Mama Mkwe ameguna. Naamini ni mguno wa kuniunga mkono. Amenunua chungu kikubwa kiasi kwamba shemeji sasa anakaa nusu makalio.

Simu ya hoteli ya pili ilikuwa ngumu. Binti wa mapokezi akasema vyumba vya chini vimekwisha, vimebaki vya ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Nikamuuliza kama anataka mama wa miaka themanini apande ngazi siku yake ya kuzaliwa. Halafu vyumba vya chini vikapatikana. Nimezaliwa na kipaji!

Kasoro moja tu. Tangu asubuhi Mama Mkwe alikuwa anazungumzia samaki wa kuchoma wa pwani hii. Tulipoketi mezani sisi tukaletewa samaki, yeye akaletewa uji. Hauna chumvi. Na kijiko kidogo. Akauliza kwa upole kulikoni. Mhudumu akasema wameambiwa waangalie afya yake. Mama Mkwe akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikainama kukagua mshono wa kiti changu.

Akasogeza uji mbele yangu, akachukua samaki wangu. Mpaka kichwa. Uji wenyewe si mbaya, ukijikaza.

Ijumaa, 6 Machi

Yamenikuta.

Hoteli ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Ina jengo la peke yake bustanini, vyumba vitatu na baraza, makochi ya ngozi halisi. Niliyaona kwenye picha nikakosa raha. Kwenye simu wakaniambia jengo lile ni la wageni wa heshima tu. Nikaona hapa themanini haitoshi. Nikasema tisini. Nikaongeza kwamba nampenda sana mama huyu, na sauti ikanitetemeka kidogo. Hilo la sauti halikuwa uongo.

Tukafika. Mlangoni meneja kavaa tai. Kando yake kiti cha magurudumu, na mtu wa kushika mwavuli. Nyuma yao keki, na juu ya keki, kwa krimu ya waridi, tarakimu mbili kubwa ambazo hata dereva wa lori angezisoma kutoka barabarani. Tisini!

Mama Mkwe akamuuliza meneja nani kawaambia habari hizi. Meneja akajibu kwa furaha kwamba ni mkwe wake, na kwamba ana bahati ya kuwa na mkwe mwenye upendo.

Akanigeukia. "Mkwe wangu, miaka hii umeitoa wapi?"

"Nimekadiria, Mama."

Ndilo jibu lililokuja. Mimi kitambaa cha kochi hukikata kwa jicho, sijawahi kushika futi ya kupimia, na wateja hawalalamiki. Wengi hawalalamiki. Akauliza juzi alikuwa na mingapi. Nikasema sabini. Na jana? Themanini. Shemeji, ambaye sijamwona na furaha ile tangu aniachie cheo, akasema kwa mwendo huu Jumapili mama atafika mia na kumi. Mke wangu akajifunika taulo la kukaribishia wageni usoni. Mabega yakawa yanamcheza.

Mama Mkwe hakucheka. Akakizunguka kile kiti cha magurudumu. Akabonyeza mto wake, akakaa, akaweka miguu juu ya vikanyagio.

"Kesho sokoni utanisukuma," akasema. "Mimi mzee."

Makochi ya ngozi nimeyakalia, lakini sikusikia utamu wake.

Jumamosi, 7 Machi

Saa tatu mpaka saa saba nimesukuma kiti. Soko liko mlimani. Kwenye mpando ananiambia nikaze mwendo, kwenye mteremko ananiambia taratibu, mifupa ya tisini hii. Wauzaji wanasimama kumwamkia. Wanampa kivuli, wanampa nanasi la kuonja, wanampunguzia bei kabla hajaomba. Amepakata mikeka miwili, sufuria, kofia ya ukindu na taa. Sura ya barabara naiona kupitia kati ya mikeka.

Mara akaona kibanda cha vitambaa upande wa pili. Akashuka kwenye kiti, akavuka barabara mbio, akachagua mita sita, akarudi, akakaa. Muuzaji bado ameduwaa na mkasi mkononi. Mimi nikamwambia ni dawa mpya.

Tukapumzika penye upepo, mimi na yeye, tukala nanasi. Akaniambia tangu baba wa watoto wake afariki hajapata siku nzuri namna hii, na kwamba alikuwa amesahau raha ya kutembezwa. Nampenda mama huyu, kwa kweli nampenda, na naandika hapa ambapo hakuna wa kuniona. Mikono ina malengelenge lakini sijali.

Halafu nikawaza: kura hiyo! Imo kibindoni!

Jumapili, 8 Machi

Kura zimehesabiwa mezani, baada ya samaki. Mimi, moja. Mama Mkwe, tatu.

Sikujua hata kama anagombea! Kumbe nilipokwenda kurudisha kiti cha magurudumu walifanya kampeni. Shemeji kaahidiwa kupanga saa za kuondoka. Mke wangu kaahidiwa kusimama penye vibanda vyote bila kuulizwa. Nilipomtazama mke wangu akaniongezea wali.

Mama Mkwe akatoa neno la shukrani. "Mkwe wangu ana moyo mzuri, ila simu nitapiga mwenyewe."

Sasa naandika nikiwa kiti cha nyuma, nimebanwa kati ya shemeji na chungu. Mbele Mama Mkwe amevaa kofia yake mpya, anaimba. Mke wangu anaitikia. Shemeji kalala, begani kwangu. Kusema kweli si pabaya hapa.

Nimepata nafasi ya kutafakari kosa langu, na nimeliona. Niliishia tisini. Nilikosa ujasiri! Kwa hiyo tuliposimama kununua ndizi nikashuka, nikawapigia wale wa jengo la bustanini kabla hajawapigia yeye, nikaweka nafasi ya mwakani. Nimewaambia tunakuja na mama wa miaka mia moja na miwili. Ukitaja mia kamili, watu wanadhani umebuni.