Muhogo Chini ya Kitambaa Cheupe

Alhamisi, 13 Machi

Daftari hili nimepewa na mke wangu, Mwantum. Jana sheikh alisema darasani kwamba Ramadhani inakaribia nusu, na kila mtu aanze kuhesabu neema zake badala ya kulalamika. Mwantum akanitazama. Leo asubuhi nimekuta daftari juu ya mto, na kalamu ndani yake.

Basi nashukuru. Nashukuru kwa afya. Nashukuru kwa binti yetu Assia, aliyechumbiwa na Azhar wa mtaa wa Kinama, kijana mpole, masikio makubwa lakini anaswali. Nashukuru kwa garaji yangu hapa Mutakura, ingawa haina gari hata moja. Esansi, mafuta ya gari, imeadimika, magari yamesimama, na gari likisimama haliharibiki. Fundi nifanye nini? Nakaa kwenye benchi, nashukuru.

Futari ya leo: muhogo na chai ya rangi. Jana: muhogo. Mwantum amefuta nyama mpaka Idi. Anasema matumizi ya nyumba yanataka breki. Ananiambia mimi, niliyefunga breki za nusu ya mtaa huu.

Na kutoka nyumba ya Suud, mwenye duka la jumla pale kwenye kona, harufu ya pilau. Nimeswali magharibi moyo wangu ukiwa ndani ya sufuria la mtu. Mungu anisamehe.

Ijumaa, 14 Machi

Alhamdulillah, nimepata wazo! Lilinijia katikati ya hotuba, lakini sikulifukuza.

Ni hivi. Mtaani kwetu sahani ya futari ikienda kwa jirani hairudi tupu. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Umetumiwa kitu, unakula, unaosha sahani, unaweka ulichonacho, unarudisha. Sasa nani amekataza mtu kupeleka muhogo na kupokea pilau? Si wizi. Ni ujirani mwema, mimi nimeuwahi tu.

Tatizo ni muhogo wenyewe. Ukifunuliwa unajulikana. Kinatakiwa kitu cha kumtia mpokeaji haya kabla hajafunua. Nikakumbuka sanduku la Mwantum. Mwanamke huyu kila jioni anafuma vitambaa kwa uzi mweupe, sindano ya kroshe haitoki mkononi. Nimemwambia mara nyingi kwamba uzi hauliwi. Vimo vinne, vina maua pembeni. Nimechukua kimoja. Kimoja tu, na kitarudi na sahani.

Jumamosi, 15 Machi

Kimefanya kazi! Laila, mke wa Suud, kaleta sahani yeye mwenyewe. Pilau. Vipande sita vya nyama. Halua pembeni. Akasema muhogo wetu ulikuwa mtamu sana. Hawa watu wenye asili ya Omani wana adabu, wanaweza kusema neno kama hilo bila kucheka.

Mwantum kauliza pilau limetoka wapi. Nikamjibu limetoka kwa Mungu. Hakuna anayeweza kunipinga katika hilo.

Kitambaa hakikurudi. Nadhani kinafuliwa.

Jumapili, 16 Machi

Ukiona biashara inalipa unaipanua. Leo nimetoa sahani mbili na vitambaa viwili.

Moja kwa Irène, mjane, Mkatoliki, tunapakana ukuta. Ana kuku sita uani na mimi nimewaangalia kwa muda mrefu.

Nyingine kwa Massoudi. Huyu ni mchomeleaji, banda lake linatazamana na garaji yangu. Anaswali safu ya kwanza na kukohoa ili walio nyuma wajue yupo. Simpendi sana. Lakini mke wake anakaanga sambusa za nyama, na sambusa hazina kosa.

Jumatatu, 17 Machi

Nashukuru kwa kila hali. Naandika hivyo kwa taabu.

Irène karudisha maharage na mboga ya lengalenga. Bila nyama, bila hata yai. Nilisahau kwamba wako kwenye Kwaresima, nao wanafunga. Mfungaji kamtegea mfungaji mwenzake.

Massoudi karudisha muhogo. Muhogo wangu! Niliukata mwenyewe mshazari, najua mkono wangu. Kaukaanga tena kidogo ili ubadilike rangi. Kitambaa kakibakiza, muhogo kaurudisha. Mtu wa safu ya kwanza.

Mwantum kala maharage ya Irène na kusema ni matamu kweli. Yalikuwa matamu, sikatai.

Jumatano, 19 Machi

Leo hata kalamu naishika vibaya.

Mwantum kanieleza, akiwa na furaha, kwamba Jumamosi anakuja kufuturu Sikuzani, mama yake Azhar, pamoja na shangazi wawili wa Azhar. Sikuzani ni fundi cherehani, Kinama nzima inamjua. Kashatuma neno kwamba kabla ya kutaja tarehe ya ndoa anataka kuona kazi ya mikono ya nyumba hii. Ndiyo maana ya vile vitambaa vinne. Miezi kumi na minne mama na binti wamevifuma. Vitatandikwa mezani, vitatu mbele ya wageni na cha nne katikati. Mwantum akasema: sisi hatuna dhahabu ya kuonyesha, vitambaa vitasema badala yetu.

Nikauliza kama kimoja hakitoshi. Akacheka, akadhani natania.

Nashukuru kwamba hajafungua sanduku.

Alhamisi, 20 Machi

Nimezunguka nyumba tatu. Nimerudi mikono mitupu.

Kwa Laila, kitambaa kiko sebuleni chini ya picha ya marehemu wazazi wake. Kabla sijafungua mdomo akaniambia: “Mersi sana kwa ile kado, Baba Assia. Mi niliiweka kwa salon, kila mutu anaiuliza.” Kado ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Nikasema karibu. Nikanywa kwa macho maji ya mtungini, maana nimefunga, nikatoka.

Kwa Irène, kiko kwenye meza ndogo anapoombea, Biblia juu yake na mshumaa pembeni. Akanieleza kwamba tangu mumewe afariki watu wanamletea vitu kwenye mfuko wa plastiki, lakini hakuna aliyemfunikia sahani. Mtu ataanzaje kudai hapo? Nilijisikia vibaya sana. Nilisimama nyuma ya ukuta nikafuta uso, nashukuru hakuna aliyepita.

Kwa Massoudi, hakipo kabisa. Mkewe kakifunikia sahani na kuipeleka kwa rafiki yake Kinama. Nikauliza: na huko kimekwenda wapi? Massoudi kapangusa mikono polepole: “We Uthmani, nape, kitambaa ya bibi yako, unaniuliza mi?”

Ijumaa, 21 Machi

Mwantum kafungua sanduku.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alikaa kitandani na kitambaa kimoja mapajani. Nikamweleza yote: pilau, kuku wa Irène, Massoudi, yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: “Katika vile vinne, we unajua ya Assia ni ipi?”

Sikujua. Miezi kumi na minne wamekaa mbele yangu wakifuma, na sikuwahi kutazama. Nimemwonea uchungu, na nimejionea aibu, naandika hapa wazi. Yeye kachukua sindano na uzi akaanza kipya. Hakiwezi kwisha kwa siku moja, anajua, lakini mikono yake ilihitaji kazi.

Baada ya swala ya Ijumaa nikapata wazo. Nimewaendea Laila, Irène na Massoudi, nimewaalika futari ya kesho. Nikawaambia kwamba kwa watu wa ukoo wetu kuna desturi ya zamani: wakwe wakija, jirani huja na sahani iliyofunikwa vile vile alivyofunikiwa yeye. Desturi hiyo nimeitunga nikiwa navuka barabara. Irène kaisifu. Kasema mila nzuri kama hizi zinapotea.

Mwantum sijamwambia. Chakula tulichonacho ni cha watu sita, na chenyewe ni muhogo.

Jumamosi, 22 Machi

Sijui nianzie wapi.

Kabla ya adhana kaingia Laila na Suud, pilau chini ya kitambaa cheupe. Mwantum kasimama mlangoni, kaona kitambaa, kaniona mimi. Nyuma yao Irène, maharage chini ya kitambaa cheupe. Massoudi na mkewe, sambusa chini ya gazeti. Angalau sambusa.

Mezani vikawa vitatu na nafasi moja tupu. Mwantum kaweka pale kile kipya, nusu yake, uzi ukining'inia.

Sikuzani, mwanamke mnene, miwani kwenye kamba shingoni, akafika mwisho na wale shangazi. Alikuwa na sahani ya vitumbua. Na juu ya vitumbua, cha nne!

Sikuzani akaeleza kwamba Jumatano jirani yake alimtumia sahani imefunikwa hivyo. Kakigeuza upande wa nyuma, ndiko anakoangalia kazi ya mtu, na hakuona fundo hata moja. Kamhoji jirani, kaambiwa sahani ilitoka Mutakura. “Huyu mutu alifuma hii,” akasema, “mi niko namutafuta tangu siku ile. Nani anamujua?”

Mwantum alikitazama. Machozi yakamjaa. Akasema: “Ni Assia. Hii ni ya Assia.”

Assia alikuwa ameshika birika. Sikuzani alimnyang'anya birika, akaiangalia ile mikono pande mbili, akaibusu. Tarehe imetajwa palepale: Jumamosi ya tatu baada ya Idi. Shangazi wakapiga vigelegele, Irène naye akapiga. Massoudi akakohoa, na kwa mara ya kwanza sikuchukia.

Tulikula, tukashiba, na Mwantum akanisukumia kipande cha nyama bila kunitazama. Kisha akanitazama. Nashukuru, ee Mola. Nashukuru kwa mwanamke huyu kuliko ninavyoweza kuandika. Nina binti mwenye mikono ya namna hiyo na nimejua leo.

Jumapili, 23 Machi

Nimeapa mbele ya Mwantum, mkono juu ya kifua, kwamba sitagusa tena vitambaa vyake maisha yangu yote. Vyote vinne viko sandukuni, na sanduku lina kufuli. Ufunguo kaufunga kwenye pembe ya kanga yake. Ana haki. Laila na Irène kawaahidi kuwafumia vingine. Nimejifunza, na nashukuru kwa funzo.

Ila wageni waliacha sahani zao. Ya Laila, ya Irène, ya Massoudi, ya Sikuzani. Nne, zimeoshwa, ziko juu ya kabati, na haziwezi kurudi tupu. Nyumbani tuna muhogo.

Nimekaa nikafikiri. Ya Sikuzani ndiyo inayonivutia, kwa sababu watu wa Kinama wanachoma mbuzi vizuri, na mkwe hawezi kurudishiwa sahani halafu asitume kitu. Lakini muhogo utafunikwa na nini?

Sasa, jana Sikuzani alitandaza kitandani kwetu zawadi yake, shuka aliyoishona mwenyewe, nyeupe, pindo la nyuzi za dhahabu pande zote. Hii si kitambaa. Haiko sandukuni. Sikuapa chochote kuhusu shuka. Mwantum kaenda sokoni na Assia, na ukiikata vizuri inatosha sahani zote nne na pindo linabaki. Alhamdulillah, mkasi wa garaji ni mkali.