Damu ya Mtu Mzima Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 8 Juni 2015
Mvua, Montevideo nzima imelowa. Asubuhi yote nipo kwenye hadubini. Chembe za ulinzi za wagonjwa wa moyo. Kazi ya chembe hizi ni kufagia uchafu kwenye mishipa. Zinameza kolesteroli mpaka zinajaa povu, haziwezi tena kusogea. Zinaelea kama miezi midogo. Nimeziangalia saa nzima. Nikajiona jukwaani, watu wamesimama wananipigia makofi.

Zulma Arrieta, mwenzangu wa meza ya pili, akauliza nafanya kazi au nimelala. Nikasema nafikiri. Akasema basi nifikiri huku naosha vichupa.

Jumanne, 9 Juni
Mkuu wetu, Daktari Bentancor, ametangaza: atakayekamilisha sampuli kwanza atawasilisha utafiti Buenos Aires Alhamisi, 25 Juni. Mimi nimepungukiwa mtu mmoja mzima wa afya. Niliyempata, tarishi wa posta, ana mafua.

Wazo. Nani mzima kuliko mimi? Miaka arobaini na sita. Kila Jumapili natembea kandokando ya mto mpaka kwenye banda la nyama choma. Nesi Ofelia akanitoa damu. Nikaandika: Mtu Mzima 12, tarishi. Sheria inakataza damu ya wafanyakazi. Sheria hutungwa na watu wasioota.

Ijumaa, 12 Juni
Majibu. Jeni zinazoamuru chembe itoe kolesteroli nje zimenyamaza. Zinazochochea uvimbe zinapiga kelele. Namba 12 amekaa katikati ya wagonjwa!

Nimegundua binadamu wa aina mpya, mzima mwenye chembe za mgonjwa. Nikakimbia kwa mkuu. Akatazama majibu. Akachukua simu, tarishi aletwe hospitali leo hii, anaweza kuanguka wakati wowote. Nikamwona akilini yule maskini anatolewa kitandani na mafua yake, mvua inanyesha.

Nikakiri.

Nilidhani Zulma atacheka. Akanivutia kiti. “Kaa, Wilmar. Kaa chini, ndugu yangu.”

Jumatatu, 15 Juni
Daktari wa moyo ameuliza kama kifua kinabana. Nikasema kwenye ngazi tu, na nilidhani ni viatu. Mshipa mmoja umeziba robo tatu. Kesho wanaingiza kimrija cha waya cha kuupanua, kupitia mkononi.

Naogopa. Naandika hapa tu.

Jumatano, 17 Juni
Kimrija kimekaa. Zulma amekuja na supu isiyo na chumvi. Sampuli yangu imetupwa, barua ya onyo iko mezani kwangu, na Buenos Aires anakwenda yeye. Akasema, “Ungekufa, mjinga wewe,” akageukia dirishani akifuta macho.

Nikasinzia. Nikaota chembe zangu zinaachia mafuta moja moja, yanapanda juu ya mto kama taa.

Ijumaa, 19 Juni
Nyumbani. Vidonge, mapumziko ya wiki mbili, nyama ya mafuta marufuku. Nimetafakari kwa kina.

Zulma anasema hahitaji msaada Buenos Aires. Anaona haya tu. Nitakaa kiti cha mbele, maswali yakianza nitasimama na kuonesha kidonda cha mkononi. Ukumbi utalia.

Suti imepigwa pasi. Meli inaondoka Jumatano saa mbili asubuhi. Daktari wa moyo nimemwambia siku hiyo nitakuwa nimelala.