Bahari Imezuiwa Ikiwa Njiani Kuja Kwangu

Ndugu Mkurugenzi wa Fukwe,

Natumaini u mzima na ofisi yote haijambo. Mimi sijambo kidogo tu. Ni fundi cherehani, mshona suti za maharusi, na ninaandika kwa uchungu.

Nyumba za mstari wa kwanza baharini bei zake hazishikiki. Shemeji yangu, ambaye ni dalali, akanishauri ninunue ya mstari wa pili na kuvuta subira: bahari inakula ufukwe kila mwaka, jirani wa mbele ataondoka na maji, nami nitaamka nina nyumba ya ufukweni. Huo ndio uwekezaji! Nikauza nyumba yetu ya mjini. Mke wangu alilia, kisha akasema atanisamehe siku atakayoiona bahari kutoka jikoni. Mpaka leo anaona nguo za jirani kwenye kamba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bahari haina msimamo. Kila asubuhi naipima kwa utepe wa kupimia nguo, kutoka kwenye maji hadi ukuta wa jirani. Ikisogea, nafurahi, nasalimia hata nisiowajua. Jioni nakuta imerudi nyuma. Mteja wa tabia hiyo simshonei.

2. Jirani mwenyewe, mwalimu mstaafu tunayemwita Mzee Kaptula, hana mpango wa kuzama. Nilimwonyesha nyufa za nyumba yake ili akate tamaa. Akanishukuru sana, akaziziba. Nikamshonea suruali nzuri ya kuhamia, bure kabisa, naye anaivaa akimwagilia maua. Jamani!

3. Ofisi yako ndiyo imenimaliza. Wiki iliyopita malori yenu yalimwaga mawe mbele ya Mzee Kaptula. Bahari ikija inajigonga, inarudi. Hivi kweli mnamfukuza mgeni wangu akiwa mlangoni kwa mtu mwingine, bila hata kuniuliza?

4. Baada ya mawe hayo, mke wangu amekwenda kwa dada yake kusalimia, na amebeba sufuria zote. Anayekwenda kusalimia habebi sufuria. Nampenda, Ndugu Mkurugenzi. Nyumba bila yeye inanitisha.

Kwa hiyo naomba mawe yaondolewe. Bahari ipewe barua ya onyo kwa uzembe. Na ikiwa bado itasuasua, mstari wa kwanza utangazwe kuwa bahari kuanzia mwezi ujao, maji yatakuta taratibu zimekamilika. Mzee Kaptula apewe boya.

Nisalimie makarani wako wote, mlinzi wa getini, mama watoto, na dereva wa lori la mawe, ambaye nimeshamsamehe.

Ni mimi, mkazi mtiifu wa ufukweni, maji yakishafika,

Fundi wa Suti

N.B. Kabla sijafunga bahasha, bahari imefika. Haikupita kwa Mzee Kaptula hata kidogo. Imezunguka kwenye mtaro wa nyuma, ikaingilia jikoni kwangu, na cherehani imezama. Mzee wa watu amenitoa kwa kunibeba mgongoni, na sasa naandika nikiwa ghorofani kwake. Shemeji keshaitangaza nyumba yangu kwa bei ya mstari wa kwanza. Mke wangu amekuja mbio, miguu peku, hakuuliza habari ya nyumba, aliuliza kama nimo ndani. Tafadhali chana yote niliyoandika hapo juu, na utuletee mawe. Mengi.